Kikombe Kimoja cha Chai: Siku Moja Maishani Mwangu Kama Mtoa Tiba kwa Vitendo

Saa 11:00 alfajiri. Ninaamka Kimara kukiwa bado giza na kuupanga mkoba wangu: daftari jipya, kalamu nene, kalenda ya ukutani, kikombe chenye mikono miwili, na kijiko ambacho mpini wake nimeuzungushia kitambaa ili ushikike na mkono usio na nguvu. Abiria wenzangu kwenye mwendokasi wakiuona mkoba huu hudhani kwamba mimi ni mwalimu wa chekechea, na hata ndugu wa wagonjwa huniuliza kwa nini hospitali imemleta mtu wa kumfundisha mtu mzima kuvaa shati. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Mwenzangu wa fiziotherapia humrudishia mgonjwa nguvu na mwendo, nami humrudishia kazi za siku: kunawa, kuvaa, kula, kupika, kuhesabu chenji na, ikiwezekana, kurudi kazini. Wagonjwa wangu wengi wameumia ubongo, na wengi wa hao walikuwa juu ya pikipiki.

Saa 1:30 asubuhi. Wodini. Leo nimemwonyesha mke wa mgonjwa mmoja namna ya kumgeuza mumewe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo, na namna ya kumkalisha wima wakati wa kumlisha. Nimemweleza pia kwa nini uji mzito unaoteremka taratibu ni salama kuliko maji kwa mtu ambaye koo lake limesahau kuikinga njia ya hewa. Kisha nimesoma majalada ya wagonjwa wapya. Jambo la kwanza ninalolitafuta katika jalada ni alama za kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa mji huo wa Uskoti. Kipimo hicho huangalia mambo matatu, yaani kufumbua macho, kuzungumza na kujongea. Mtu aliye macho kabisa hupata 15, asiyeitikia lolote hupata 3, na kuanzia 8 kushuka chini jeraha huhesabiwa kuwa kali. Kijana ninayekwenda kumwona leo nyumbani kwao alipokewa akiwa na 6.

Saa 4:00. Jumatano ni siku yangu ya kutembelea wagonjwa majumbani. Ninapanda daladala la Mbagala, ninasimama njia nzima katika foleni ya barabara ya Kilwa, na ninashuka Rangi Tatu nikiwa nimelowa jasho.

Saa 5:10. Mama mwenye nyumba yuko mlangoni anachambua mchicha. Ninamwamkia, ananipokea mkoba. "Karibu mwanangu. Mgonjwa wako amelala tu tangu asubuhi." Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika soksi moja mkononi, anaitazama. Ana umri wa miaka 26, ana kifua kipana, na nywele zimeota vizuri juu ya kovu la pale walipomfungua fuvu kuitoa damu iliyovilia. Mtu akimpita barabarani hatajua kwamba miezi 9 iliyopita alikaa siku 19 bila fahamu, na kwamba baada ya kufumbua macho alimaliza wiki 5 nyingine akiongea na kula bila ubongo wake kuweka kumbukumbu ya hata siku moja kati ya hizo.

Alikuwa dereva wa bodaboda. Aliporudi nyumbani alimtukana mama yake matusi ambayo hajawahi kuyatamka tangu azaliwe, na mama huyo ameniambia mara nyingi kwamba maneno yale yalimuuma kuliko kukiona kichwa cha mwanawe kikiwa kimefungwa bendeji. Nilimweleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoanzisha, inayopanga na inayozuia. Ikiumia, neno ambalo wewe na mimi tungelimeza hutoka kabla ya mtu kulijua. Vilevile mtu huyo anaweza kuwa na njaa, sahani iko mbele yake, mkono una nguvu, na bado asiinue kijiko mpaka asikie "kula". Matusi ya kijana wetu yamepungua sana. Kuanza jambo ndiko kunakomshinda hadi leo.

Kazi yetu ya leo ilikuwa chai ya rangi. Mdogo wake wa kike, anayesoma kidato cha pili, ameandika kwa herufi kubwa juu ya boksi lililokatwa hatua 9 za kupika chai, tukalibandika ukutani juu ya jiko. Hatukuanza na hatua ya kwanza. Miezi mitatu iliyopita mama alikuwa akifanya yote na kumwachia kijana hatua ya mwisho tu, ya kumimina kikombeni, ili kila mara amalize yeye na aone kwamba amemaliza. Alipoimudu hiyo tulimwongezea kuchuja, kisha kuepua sufuria, tukiendelea kurudi nyuma hivyo hivyo. Leo ilikuwa mara ya kwanza aanze mwenyewe kabisa: kuchota maji, kuwasha jiko la gesi nikiwa nimesimama ubavuni mwake, kuinjika sufuria.

Alichota maji. Aliwasha jiko katika jaribio la pili. Alikuwa ameshika sufuria, anasoma boksi, mdomo unatembea, ndipo mjomba wake alipoingia jikoni.

Mjomba alikuwa amefika jana kutoka mkoani, na nauli yake aliitoa mwenyewe. Hilo ninalisema kwanza kwa sababu nilikasirika sana na sitaki hasira yangu ifiche kwamba mzee huyo anampenda mpwa wake. Tuliamkiana, akatazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kuhutubia: "Dokta, huyu mtoto anakula, anatembea, anacheka akiona mpira. Huu sasa ni uvivu, nanyi mnaulea." Akaichukua sufuria mkononi mwa kijana na kuiweka jikoni yeye mwenyewe. "Chai ndiyo hii. Ina ugumu gani?"

Kijana aliachia mikono, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye ndoo. Uso wake ulifungwa kama dirisha. Kila nilichokuwa nimekisubiri tangu saa 5:10 kilikuwa kimeondoka, na nilijua kwamba kukirudisha kutachukua muda mrefu, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa huchoka kwa kazi ambayo sisi hatuioni kuwa kazi: kuchuja kelele, kuelewa nani kasema nini, kukumbuka alikuwa anataka kufanya nini kabla hajakatizwa. Nilizima jiko. Nilimwomba mjomba tutoke uani.

Nilimwambia: "Mjomba, nyumba hii ina umeme, na LUKU ina uniti za kutosha. Swichi ndiyo iliyoungua. Tukigombana na taa, hatutapata mwanga." Aliniuliza nani basi ataibadilisha hiyo swichi. Nilimjibu kwamba haibadilishwi, ila njia nyingine hujengwa kwa kurudiarudia, jambo lile lile, mahali pale pale, saa ile ile, na kwamba wanaoijenga ni wale wanaolala naye nyumba moja, kwa kuwa mimi huja mara moja kwa wiki. Hakuridhika. Aliuliza swali ambalo ndugu wote huuliza, nami kila mara huliogopa: "Atapona lini?" Nilimwambia ukweli, kwamba sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika miezi 6 ya mwanzo, kwamba nafuu nyingine huja polepole kwa miaka, na kwamba sitamwahidi mtu yule yule aliyekuwapo kabla ya ajali.

Nikiwa katika mabishano kama hayo humkumbuka Phineas Gage, ambaye kila aliyesomea ubongo amefundishwa habari zake. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, alikuwa akisimamia ulipuaji wa miamba ya njia ya reli pale mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 ulipopenya shavuni na kutokea utosini. Alipona jeraha, lakini rafiki zake walisema kwamba hakuwa tena Gage. Hapo ndipo masimulizi mengi hukomea, nami naona ni dhuluma, kwa sababu baadaye mtu huyo aliishi miaka kadhaa nchini Chile akiendesha gari la abiria linalovutwa na farasi. Ilikuwa kazi yenye ratiba, njia na farasi wa kutunzwa kila siku, na huenda mpangilio huo ndio uliomshikilia. Alifariki mwaka 1860. Sikumsimulia mjomba habari hizi. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa na majonzi.

Nilimpa kazi. Nilimwomba arudi jikoni, akae kimya, na kila atakapotamani kusaidia ahesabu kwanza hadi 10 moyoni. Alikubali kwa shingo upande, nami nikawasha jiko tena. Mara ya kwanza alifika labda 4 akasema, "Chukua majani, baba." Mara ya pili mama alimgusa goti. Mara ya tatu jikoni palikuwa kimya kabisa, maji yanaanza kuunguruma, mimi nimefumbata mikono nyuma ili isiende yenyewe, na midomo ya mzee inahesabu. Kijana alitazama ukutani. Aliweka kidole kwenye hatua ya 5, akakiacha hapo kwa muda ambao ulinichosha kuliko foleni yote ya asubuhi, kisha akainuka kwenye ndoo, akafungua kabati na kutoa majani ya chai.

Chai ilikuwa tayari saa 6:40. Aliruka hatua ya sukari. Nilikwisha kuwaomba wasimsute kwa kosa lililopita, bali hatua hiyo iwekewe alama kwenye boksi ili wiki ijayo ionekane zaidi. Alimpa mama yake kikombe cha kwanza bila kuambiwa na mtu, na mama alikinywa chote bila sukari. Kijana akaandika katika daftari lake la kumbukumbu, mistari ikipanda upande wa kulia: "Nimepika chai. Dada alikuja. Mjomba yupo." Kisha akalala, na safari hii ulikuwa usingizi wa kweli.

Kabla sijaondoka walifika vijana wawili wa kijiwe alichokuwa akipaki. Hao nao ni sehemu ya tiba, na ningependa watu wanaowatukana bodaboda wajue hivyo. Wamegawana siku za kumtembeza hadi kijiweni na kumrudisha, nusu saa tu, asubuhi kabla ya makelele au alasiri kama leo akishapumzika, na huchanga ili dawa zake za kifafa zisikatike, maana kuzikatiza ghafla ni hatari. Mwanzoni walimpandisha pikipiki ili afurahi, tukagombana vikali, na sasa wao ndio walinzi wakali wa katazo hilo. Leo niligombana nao tena kidogo, kwa kuwa mmoja alikuwa amevaa helmeti yenye mkanda unaoning'inia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba helmeti bora iliyovaliwa inavyotakiwa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, nami najua kwamba iliyoachwa wazi inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Aliufunga mkanda mbele yangu.

Mchana wote baada ya hapo umechanganyika akilini mwangu. Temeke nilimwona mama mmoja ambaye sasa tunamuuliza "wali au ugali?" badala ya "utakula nini?", kwa sababu swali lililo wazi humpoteza. Kisha palikuwa na nyumba nyingine, ambako mgonjwa alikataa kabisa kuniona, nikakaa na mkewe barazani mpaka akamaliza kulia. Sikumbuki kama ilikuwa saa 9 au 10. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kuzungumza taratibu kutwa nzima, na mabega yaliniuma kwa kuzuia mikono isifanye lile ambalo mgonjwa anaweza kulifanya mwenyewe kwa dakika 5 zaidi.

Usiku, nikiwa bado naandika ripoti, mama wa Mbagala alinipigia. Alisema mwanawe aliamka jioni na hakukumbuka kwamba alipika chai, walipomwambia alibisha. Mjomba ndiye aliyemletea daftari. Alilisoma, akalirudia kulisoma, akasema, "Huu mwandiko ni wangu," kisha akakaa nalo mapajani mpaka wakati wa chakula.

Nimeandika kwenye jalada lake: Jumatano ijayo, chai tena, hatua ya sukari kwa wino mwekundu. Mjomba ameahirisha safari yake.