Daftari lazima lirudi: kufundisha watoto wa shule ya msingi kwa mbali hapa Goma

Mtoto wa darasa la tatu akikaa nyumbani wiki mbili bila shule, kinachomsumbua si hesabu. Anajiuliza kama mwalimu bado anamkumbuka. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, watoto wamejiuliza hivyo mara nyingi: Machi 2020 Korona ilipofunga shule za nchi nzima, Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, na kila mara vita vinaposogea. Kila mara tunahangaika kutafuta njia ya kupeleka masomo. Kupeleka si kugumu sana. Mwaka 2020 Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na mtoto mwenye redio nyumbani aliyasikia. Ila redio haimsikii mtoto. Kinachojenga imani ni kurudi: kazi ya mtoto imfikie mwalimu, na jibu la mwalimu limfikie mtoto kabla hajasahau alichoandika.

Njia inayoshika hata pasipo intaneti ni madaftari mawili kwa kila mtoto. Kurasa 48 zinatosha. Moja lifungwe kwa karatasi ya rangi moja, la pili kwa rangi nyingine. La kwanza likiwa kwa mwalimu, la pili liko nyumbani, Jumatatu yanabadilishana. Hivyo mtoto hakai hata siku moja bila pa kuandikia, na mwalimu ana wiki nzima ya kusahihisha. Kwenye jalada andika jina, darasa na avenyu, basi. Namba ya simu ya mzazi isiandikwe hapo, kwa kuwa daftari litapita mikononi mwa wengi.

Darasa la watoto 55 linahitaji vituo kama vitano vya kuachia na kuchukulia madaftari, kila kimoja kwa watoto 11 hivi wanaokaa karibu: butike, kanisa, nyumba ya mzazi anayeaminika. Mfuko wa plastiki nene ni lazima, mvua ya huku haimsubiri mtu. Yanayoharibika yanajulikana. Butike inafungwa bila taarifa. Mdogo wa mtoto anachora katikati ya zoezi. Mzazi anachukua daftari la jirani kwa haraka. Yote hayo yana dawa. Kisicho na dawa ni mwalimu kukosa Jumatatu moja bila kusema neno. Akichelewa, atume ujumbe mfupi kwa kila kituo: "Madaftari yatafika Jumatano." Mtoto anavumilia kuchelewa alikoambiwa. Asipoambiwa, anaanza kuandika ovyo, kwa sababu haoni tena nani atasoma.

Sasa kusahihisha. Dakika 3 kwa kila daftari, mara watoto 55, ni dakika 165, yaani karibu saa tatu. Mwalimu akitaka kusahihisha mazoezi yote ya wiki, atashindwa wiki ya pili. Achague zoezi moja na alisahihishe kweli. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Alama ya X nyekundu haimsaidii kitu. Ukitazama vizuri unaona alichofanya: katika mamoja ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha katika makumi akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Hakubahatisha, alifuata kanuni yake mwenyewe, na kanuni hiyo itamharibia kila hesabu ya namna hiyo mpaka mtu amwonyeshe. Basi mwalimu aandike: "Anza na 2 ya juu. Haitoshi kutoa 7. Azima kumi moja, upate 12. Jaribu tena hapa chini." Aache mistari mitatu mitupu. Mtoto akiiona mistari ile anajua kwamba kuna mtu anayengoja jibu lake.

Kuhusu simu, kwanza uliza simu iko wapi na saa ngapi, kabla ya kuuliza kama ipo. Simu kubwa ya nyumbani mara nyingi iko kwa baba sokoni au kwenye motari, yaani pikipiki ya abiria, hadi saa kumi na mbili jioni. Masomo yakitumwa saa nne asubuhi yanazama chini ya jumbe za familia. Tuma kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, kila siku saa ile ile. Sauti ya dakika 3 haifiki megabaiti 1, video ya muda huo huo inaweza kula megabaiti 10 na zaidi. Kwa hiyo video iachwe. Tuma sauti pamoja na picha moja ya ukurasa, iliyopigwa karibu na dirisha bila kivuli cha mkono. Kikundi cha WhatsApp kifungwe ili mwalimu peke yake aandike humo. Majibu ya watoto yaende kwake faraghani.

Na jambo moja lisifanyike kamwe: kuweka kwenye kikundi orodha ya ambao hawajatuma kazi. Mama aliyekosa mega wiki hiyo anasomwa na majirani zake wote. Atatoka kwenye kikundi, na mtoto atatoka pamoja naye.

Kusoma kwa sauti ndiko kunakompa mwalimu picha ya kweli. Mwambie mtoto asome mistari minne, dakika moja tu. Utasikia kuku, sufuria, na nyuma yake mama akinong'ona neno gumu kabla mtoto hajalifikia. Usimkemee mama huyo, amekaa karibu na mwanawe na hilo ni kubwa. Mwambie: "Asante mama. Kesho akikwama, hesabu hadi tano kimoyomoyo ndipo umsaidie." Vilevile mwandiko ukija safi kupita kiasi, mwalimu asimshtaki mtu. Aombe tu mtoto aeleze kwa sauti alivyopata jibu. Na kwa wadogo wa darasa la kwanza na la pili, maelezo yawe kwa Kiswahili. Mtoto asiyeelewa Kifaransa akiwa nyumbani hana rafiki wa dawati wa kumtafsiria.

Familia zenye simu ya tochi, ile ndogo isiyo na WhatsApp, zipigiwe. Hata darasa zima likiwa na simu za namna hiyo, ni watoto 11 kwa siku, dakika 5 kila mmoja, chini ya saa moja, na kwa siku tano kila mtoto amesikia sauti ya mwalimu wake. Maneno ya kwanza yasiwe "umemaliza zoezi?" Msalimie kwa jina, muulize jambo analolijua hakika: mdogo wako anaanza kutembea? Kisha swali moja la somo ambalo ataliweza. Lile gumu linakuja la mwisho, au linangoja wiki ijayo.

Inite hizo zote, yaani salio la kupigia simu, zinatoka wapi? Hapa ndipo mipango mingi mizuri inakufa. Mwalimu anayepiga simu kwa pesa za mboga ataacha mwezi wa pili, na hana kosa. Direkta wa shule na komite ya wazazi wahesabu mapema dakika za simu, mega, na gharama ya kuchaji umeme ukikatika, wampe mwalimu kila Ijumaa kwa ajili ya wiki inayofuata. Shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, kwa hiyo mchango huu usigeuke ada wala mtoto asinyimwe daftari kwa sababu nyumbani kwao hawakuchanga. Mwalimu apewe na laini ya pili ya kazi, inayozimwa saa mbili usiku. Direkta naye asidai ripoti yenye picha ya kila daftari. Saa mbili za kupiga picha ni saa mbili zilizoibwa kwenye kusahihisha. Orodha ya jina, tarehe lilipotoka na tarehe liliporudi inatosha. Walimu wawili wa darasa moja wagawane kurekodi, mmoja hesabu, mwingine kusoma.

Orodha hiyo ndiyo inayoonyesha mtoto aliyenyamaza. Wiki moja ya kimya ni kawaida, laini hupotea na familia huhama. Wiki ya pili uliza jirani au mwenye kituo: wanalala wapi sasa? Usianze na deni la mazoezi. Daftari likija bila kuandikwa kitu, ukurasa ule mtupu nao usahihishwe: mwalimu aandike tarehe, jina la mtoto, na swali moja jepesi, kisha daftari lirudi Jumatatu kama mengine.