Kumbukumbu ya mradi wangu: kitufe cha kijivu na WAR iliyonifutia kazi

Jumamosi

Kitufe cha "Hifadhi" kwenye programu yangu ya kupanga vitabu kilikuwa hakisomeki, kijivu juu ya kijivu. Dawa yake ni mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupamba kurasa. Lakini mazoea yangu yalikuwa kujenga WAR nzima (faili moja yenye programu yote), kuinakili kwenye webapps, folda ya programu za Tomcat, ile seva inayoendesha programu za wavuti za Java, kungoja Tomcat iondoe ya zamani na kuwasha mpya, kisha kuingia tena kwa nenosiri. Yote hayo kwa rangi tu! Leo nimechoka.

Nikafungua webapps/vitabu, ile folda ambayo Tomcat huifumua yenyewe kutoka kwenye WAR, nikahariri CSS humo humo. Nikaburudisha ukurasa: kijivu. Tena: kijivu. Nikaanza kuzishuku ruhusa za faili, na nilipokuwa bado nachungulia matokeo ya ls -l, kitufe kikawa cheusi chenyewe. Kumbe Tomcat huhifadhi faili za aina hii kwenye kumbukumbu yake na, usipobadilisha mipangilio, huzikagua upya baada ya sekunde 5. JSP nazo, yaani kurasa zinazochanganya HTML na Java, zina saa yao, sekunde 4. Ikionekana chanzo kimebadilika, ukurasa unakompailiwa upya kwenye folda ya work bila wewe kuitwa. Mimi nilikuwa naburudisha kwa pupa. Sasa nahesabu hadi tano kabla ya kumlaumu yeyote.

Jumapili

Zamu ya klasi za Java, na hapa hakuna ubwete. Kuweka .class mpya kwenye WEB-INF/classes hakusaidii kitu kwa sababu JVM, mashine inayoendesha msimbo wa Java, tayari imeshika ile ya zamani. Nilijaribu reloadable="true" kwenye Context, yaani mipangilio ya programu, ili Tomcat ipakie upya yenyewe klasi zikibadilika. Inafanya kazi, ila nikinakili klasi sita huweza kuanza kupakia upya nikiwa kwenye ya tatu, na logi hujaa makosa. Njia ninayoipenda ni hii, baada ya kunakili zote:

touch WEB-INF/web.xml

Amri ya touch hubadilisha tarehe ya faili tu, na Tomcat huifuatilia faili hiyo. Ikiona tarehe yake imebadilika, hupakia upya programu hiyo peke yake, seva ikiendelea kuwaka. Ukaguzi huo hupita kila sekunde 10.

Nimejaribu pia kuwasha kwa catalina.sh jpda start, inayofungua mlango wa 8000 wa kusaka hitilafu, na kubadilisha msimbo kupitia kihariri programu ikiendelea. Ndani ya mwili wa mbinu, safi kabisa. Nilipoongeza uga mmoja tu, JVM ya kawaida ikakataa. (Mlango huo usiuache wazi kwa mtandao wa nje, atakayeufikia anaweza kuendesha chochote.)

Jumatano

Siku mbaya. Nilirekebisha hitilafu moja ndogo, nikajenga WAR kwa mazoea, nikaitupia webapps. Tomcat ikaona WAR ni mpya, ikaifuta folda iliyofumuliwa na kufumua upya. Marekebisho yote ya tangu Jumamosi yalikuwa kwenye folda ile tu. Sikuwahi kuyarudisha kwenye mradi. Kitufe kimerudi kijivu, na JSP tatu zimekwenda nacho. Nimeokota vipande kwenye historia ya kihariri, viwili kati ya vitatu.

Alhamisi

Hakuna tena kuhariri ndani ya webapps. WAR nimeiondoa huko, nikaandika conf/Catalina/localhost/vitabu.xml yenye mstari huu:

<Context docBase="/home/mimi/miradi/vitabu/web"/>

Sasa Tomcat inasoma moja kwa moja folda ya mradi, iliyo chini ya git inayotunza historia ya mabadiliko. Nikihifadhi JSP, nimehifadhi chanzo chenyewe, si nakala yake. Kihariri nacho nimekielekeza kitoe .class kwenye WEB-INF/classes ya humo, kilichobaki ni touch.

Kitufe ni cheusi. JSP ya tatu, ile ya kuazimisha vitabu, bado naiandika upya kwa kukumbuka.