Nilivunjika kifundo cha mguu, nikaomba mifupa yangu ipimwe

Nina miaka 58, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mwaka jana nilivunjika kifundo cha mguu wa kushoto nikishuka kwenye daladala. Gari lilikuwa limesimama kabisa. Nilikanyaga ukingo wa mtaro, mguu ukapinda, nikaenda chini. Jirani aliyenisaidia alisema ni mteguko, akataka kunichua kwa mafuta. Nilimwomba asiniguse, maana sikuweza kukanyaga hata hatua moja. Eksirei ilionesha mfupa mwembamba wa upande wa nje umevunjika. Haukuwa umehama, kwa hiyo nilifungwa hogo bila upasuaji.

Siku ya kufunguliwa hogo nilimuuliza daktari: mtu anavunjikaje kwa kuteleza tu?

"Mama, kifundo huvunjika hata kwa kijana mwenye mifupa imara, kikipinda na kuelemewa na uzito wa mwili."

Ni kweli. Osteoporosisi, yaani mifupa kupungua na kuwa dhaifu, inajulikana zaidi kwa kuvunja nyonga, pingili za mgongo na kifundo cha mkono. Kifundo cha mguu hakitajwi sana, ndiyo maana wengi wetu hufungwa, hufunguliwa, na habari ikaishia hapo. Lakini ukishavuka miaka 50, ukavunjika kwa kuanguka ukiwa umesimama tu, hiyo ni sababu tosha ya kuulizia hali ya mifupa. Nami nilikuwa na la ziada.

"Mwanangu, hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 42. Na marehemu mama alivunjika nyonga."

Hapo mazungumzo yakabadilika. Homoni ya estrojeni huzuia mifupa isiliwe haraka, na mimi niliikosa mapema. Tena eksirei ya kawaida haitoshi kuona hilo. Mfupa unaweza kupungua kama asilimia 30 kabla picha haijaonesha kitu. Kinachotakiwa ni kipimo cha DEXA, yaani eksirei maalumu inayopima uzito wa madini ndani ya mfupa. Niliandikiwa barua, nikapanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Kipimo chenyewe hakiumi: unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako, basi. Majibu ya nyonga, yanayolinganisha mfupa wangu na wa kijana mwenye afya, yalikuwa -2.7. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, kuanzia -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi.

Sasa natumia alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kupungua, ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Masharti yake yanataka nidhamu. Nakimeza Jumamosi alfajiri kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha silali kwa nusu saa, kwa sababu kikirudi kooni huunguza. Nusu hiyo naitumia kulisha kuku na kufagia uwanja.

Chakula sikubadilisha sana. Ugali wa uwele na mlenda tumekulia, nimeongeza maziwa na dagaa, nawala wazima na miiba yao kwa ajili ya kalsiamu. Ila nawasihi wenzangu, chakula peke yake hakirudishi mfupa uliokwisha kupungua kiasi hiki, dawa msiiache.

Nimemwambia pia daktari wa meno kwamba naitumia, kwani kung'oa jino ukiwa kwenye dawa hii kunahitaji uangalizi. Mdogo wangu wa Kondoa, aliyekoma hedhi mapema kama mimi, nimeshampa nakala ya majibu yangu aende nayo hospitali.