Kumtoa fundi kibandani, kumsimamisha ubaoni

Wachoraji na wachongaji ninaowafahamu hapa Arusha hawakufundishwa kwa maelezo. Walikaa kibandani, wakapiga msasa, wakaosha brashi, wakatazama. Hata mtindo wa Tingatinga ulienea hivyo: Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, ndugu na jamaa wakiwa pembeni yake, na alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioendeleza kazi. Darasani hakuna nafasi hiyo. Una kipindi cha dakika 40 na watoto zaidi ya 70, watatu watatu kwenye dawati.

Mtaala mpya ulipoleta somo la Sanaa na Michezo, shule moja ya msingi pembezoni mwa mji iliniomba niwaandae wasanii wa kuwasaidia walimu. Habari za barua na vibali niziache, hazina utamu. Kazi kubwa ilikuwa kumfanya fundi aseme kile ambacho mkono wake unakifanya bila kuulizwa.

Zoezi langu lilikuwa hili: fundi anaweka mikono nyuma, mimi nashika mkaa, ananielekeza nichore twiga.

"Shusha shingo."

Naishusha mpaka magotini.

"Aah, siyo hivyo, mwalimu!"

"Sasa vipi, kaka? Niambie."

Kijana mmoja wa Kijenge alitoka jasho, bega likicheza utadhani atachora nalo. Mwisho akasema: "Chora yai limelala. Kwenye ncha ya kulia panda mstari, mrefu kuliko yai lenyewe." Nikamwambia hapo hapo, hilo ndilo somo. Tukaliandika kwenye andalio la somo kwa maneno yake yale yale. Andalio kamili la mwalimu, na majedwali yake, sikuwapa. Linamtisha bure mtu aliyeishia darasa la saba. Nusu ukurasa ulitosha: watoto wanaanza na nini, wanamaliza na nini, nani anakusanya vifaa.

Rangi za mafuta nilizikataa. Thina inaumiza kichwa, inashika moto, na doa likiingia kwenye sare mzazi atakufuata. Tulitumia mkaa, maboksi yaliyokunjuliwa, na udongo mwekundu uliochekechwa ukakorogwa na gundi. Mama mfinyanzi kutoka Upareni aligawa udongo wake tonge la ukubwa wa limau kwa kila mtoto, akakataa katakata kuongeza. Mwenye tonge kubwa, alisema, hufinyanga ukuta mnene ambao hupasuka ukikauka. Kwa maoni yangu yeye alikuwa mwalimu kabla hajaniona.

Jambo moja sikulilegeza: mwalimu wa darasa habanduki. Wako wanaoona msanii akiingia ndiyo nafasi ya kwenda kusahihisha madaftari. Msanii hajui majina ya watoto, hajui yupi haoni vizuri ubaoni, wala si kazi yake kutuliza kelele.

Halafu kuna riziki. Kuanzia Juni watalii wanajaa mjini, na asubuhi moja nje ya kibanda inaweza kumpotezea mtu mauzo ya wiki. Kwa hiyo vipindi vyetu tuliviweka Machi hadi Mei, wakati wa masika, biashara ikiwa imelala na shule ziko wazi. Nauli na posho niliwapa mkononi siku ile ile, kabla hawajatoka getini.