Kaa Asiye na Gamba

Jumapili asubuhi, Mtwara.

Korosho zimeanza kuuzwa na shughuli zimeanza kufuatana: leo siku ya kuzaliwa ya mtoto, wiki ijayo mahafali. Katikati ya pilau na keki kuna ile saa moja ngumu, watu wameshakaa, chakula bado kiko jikoni, na spika inaumiza masikio. Hapo ndipo pa mchezo wa kaa.

Waingereza wana mchezo wao wa zamani wa kuchora mbawakawa kwa dadu. Sita inaleta kiwiliwili, tano kichwa, kisha mkia, miguu, vipapasio na macho, sehemu 13 kwa jumla. Huku kwetu mbawakawa hamsisimui mtu. Kaa kila mtoto wa Shangani na Mikindani ameshamkimbiza, na akichorwa vibaya wanajua.

Namba zinagawanywa hivi: 6 ni gamba, 5 ni gando, 4 ni miguu, 3 ni kikonyo cha jicho, 2 ni mboni, 1 ni mdomo. Watu wanakaa wanne wanne kwenye mkeka, kila mtu anarusha mara moja na kupisha. Bila gamba huchori kitu, hata ukipata tano mara saba. Mboni nayo haikai hewani, lazima kikonyo chake kiwepo. Gando moja kwa kila tano, kwa hiyo unahitaji tano mbili. Vikonyo na mboni vivyo hivyo. Anayemaliza kwanza anapiga kelele "Kaa!" na mikeka yote inasimama hapo hapo, kalamu chini.

Kosa la kwanza linafanyika kwenye miguu. Kaa ana minane ya kutembelea, mbali na magando, na mtu asiyepiga hesabu ataamua kila nne ilete mguu mmoja. Nne huja mara moja katika mirusho sita, kwa wastani, kwa hiyo minane ni mirusho 48 kwa mtu mmoja, tena baada ya kupata gamba. Mpaka hapo pilau imepoa. Chora jozi: kila nne, mguu wa kushoto na wa kulia. Inabaki mirusho 24, na mkeka wa watu wanne unamaliza raundi kwa kama robo saa, kwa sababu mshindi ni yule mwenye bahati kuliko wote, hawasubiriwi wa wastani.

Kosa la pili ni gamba lenyewe, na hili ndilo linaloharibu sherehe. Watu wanadhani mirusho sita italeta sita. Hapana. Katika kila watu watatu, mmoja atarusha mara sita asiione. Baada ya mirusho kumi, kwenye shughuli ya watu 12, tegemea wawili bado wana karatasi nyeupe. Mtu mzima utamwona anaibembeleza dadu kama anayembembeleza mtoto ale uji. Mtoto wa miaka sita habembelezi, analia na kwenda kwa mama yake.

Wengine wanatatua kwa kumpa kila mtu gamba tangu mwanzo. Sipendi, maana ukelele wa sita ya kwanza ndio uhai wa mchezo. Afadhali mkopo: ukirusha mara sita bila sita, unachora gamba bure na zamu inayofuata unaendelea. Kuruhusu namba 1 nayo ilete gamba, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwenye ludo, nako kunafaa: wastani unashuka hadi mirusho mitatu.

Vifaa ni vichache. Kwa watu 16 weka mikeka minne, dadu nne na mbili za akiba, kwa sababu dadu ya plastiki ikishavuka ukingo wa baraza haionekani tena. Karatasi ya A4 ikatwe vipande vinne, raundi tatu zinakula karatasi 12. Tumia biki, si penseli. Penseli inafutika, na miguu huzaliana watu wakigeuka kuangalia sinia. Kila mmoja apewe kipande cha boksi cha kuwekea chini ya karatasi, la sivyo ukili wa mkeka utaitoboa. Mkeka huohuo unaisumbua dadu: inaegemea kwenye mshono, nusu tano, nusu tatu, na ugomvi unaanza. Rushia ndani ya sinia lililotandikwa kanga, kwa kutikisa kifuu cha nazi. Iliyoegemea inarudiwa, iliyotoka nje ya sinia inarudiwa, bila mjadala.

Ukichonga dadu mwenyewe, pande zinazotazamana zijumlishe saba. Ya mhogo inapendeza saa ya kwanza, ikikauka inajikunja na kupendelea upande mmoja. Kipande cha mpingo kwa mchongaji wa Kimakonde kinakaa miaka. Ijaribu kwa kurusha mara 60: sita zikija karibu kumi ni sawa, zikija 20 hiyo dadu ina neno.

Kuna nyumba ambazo dadu haiingii kabisa kwa sababu ya dini, hata pasipo pesa, na mwenye nyumba haulizwi mara mbili. Andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, vikunje sawasawa, weka kwenye kifuu. Kila aliyechukua akirudishe na kutikisa. Msiporudisha, mchezo unageuka mwingine: ndani ya zamu sita lazima sita itoke, na mwenye kuhesabu atajua kilichobaki kabla hajatia mkono.

Pointi zinahesabiwa kwa viungo vilivyochorwa: gamba 1, magando 2, miguu 8, vikonyo 2, mboni 2, mdomo 1, jumla 16. Watu hupenda kuhesabia kwa korosho za kukaanga. Msifanye hivyo. Zinatia mafuta karatasi, na mshindi anatafuna ushahidi. Kokwa za ukwaju zinatosha.

Ubora wa mchoro hauna pointi, na bibi ambaye hajashika kalamu miaka mingi anaweza kumshinda mwalimu wa sanaa. Ila watoto watabishana tu. Mmoja atachora gando la kulia kubwa kuliko gamba lenyewe, la kushoto dogo kama kiberiti, na wenzake watataka lifutwe. Lisifutwe. Maji yakipwa Mikindani, nenda kaangalie tope la mikoko: kaa dume wa namna hiyo wamejaa, wanapunga gando moja.