Baiskeli Isiyo na Mzigo

Tabora ukionekana juu ya baiskeli na keria iko tupu, watu hudhani umetumwa kupeleka habari za msiba. Ndiyo maana tangu nirudi likizo maswali hayaishi pale kwa fundi baiskeli wa Isevya, chini ya mwembe. Nilikosea kuwaonesha picha za Bath, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee. Wakaniona nimevaa kofia ngumu na kaptura ya kubana, nimeegemea baiskeli kando ya maji.

"Hapo unakwenda wapi, mwanangu?"

Siendi popote, mzee. Nafuata mfereji, nakula mkate wangu mbele ya safari, nageuza.

"Na umebeba nini?"

Maji na ndizi.

Walicheka mpaka fundi akaweka spana chini.

Nawaelewa. Baiskeli hapa ni kazi: mkaa kutoka porini, madumu ya asali, tumbaku, mgonjwa anayepelekwa zahanati, abiria wa kwenda sokoni. Mtu aliyeendesha tangu alfajiri na gunia mbili nyuma, ukimwambia Jumapili apande tena kwa ajili ya kujifurahisha, atakuona huna adabu. Lakini nilitaka wajue ile njia yenyewe ni kitu gani, maana habari yake inatuhusu kuliko kaptura yangu.

Mfereji huo ni wa Kennet na Avon. Unatoka Reading hadi Bristol, kilomita 140 hivi ukihesabu na sehemu za mito, na ulikamilika mwaka 1810 chini ya mhandisi John Rennie. Mashua za wakati ule hazikuwa na injini. Farasi alitembea ukingoni akivuta kwa kamba shehena ya makaa ya mawe, na kwa ajili ya kwato zake ikatengenezwa njia bapa inayofuata maji kila yanakokwenda. Farasi waliondoka, njia ikabaki. Leo ina changarawe iliyoshindiliwa, gari haliruhusiwi kuingia, na kwa kuwa maji ya mfereji hayapandi mlima, nawe hupandi. Ardhi inapoinuka walijenga vyumba vyenye malango: mashua inaingia, malango yanafungwa, maji yanajazwa, mashua inapanda kama mtu kwenye ngazi. Karibu na mji wa Devizes viko vyumba vya namna hiyo 29 ndani ya kilomita 3 na ushei, vinavyopandisha mashua mita 72, na 16 kati yake vimepangwa mstari mmoja ubavuni mwa kilima. Hapo ndipo mapaja yangu hukumbuka kwamba nina umri.

Sehemu niipendayo mimi ni Dundas, umbali mfupi kutoka mjini. Ni daraja la mawe la mwaka 1805, ila juu yake halipiti gari wala treni. Mfereji wenyewe ndio unaovuka, na maji yake na mashua zake, juu ya mto Avon. Chini, pembeni ya mto, treni inapita. Niliposimulia hilo, fundi alinikatiza: maji juu ya maji? Nikampa simu aangalie mwenyewe. Akaikuza picha kwa vidole, akaipitisha kwa jirani yake bila kusema neno.

Mashua zenyewe ni nyembamba na ndefu, nyingi watu wanaishi humo. Juu ya paa wamepanga kuni, mifuko ya makaa, masufuria ya maua na baiskeli zao. Asiye na mahali pa kudumu pa kufunga mashua hatakiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14, kwa hiyo majirani wa mfereji hubadilika kila ukipita. Ukipita unasalimia. Kwa Mwingereza salamu ni neno moja na kuinua kidevu kidogo. Ukitaka "mwangaluka" yenye kuuliza hali ya ng'ombe na watoto, njoo Uyui.

Asikudanganye mtu kwamba ni raha mwaka mzima. Kuanzia Novemba njia hugeuka tope, saa kumi na moja jioni tayari giza, na baridi inaingia kwenye vidole kupitia glovu. Chini ya madaraja njia ni nyembamba, huoni anayekuja, kwa hiyo unapunguza mwendo na kupiga kengele. Mvuvi naye hulaza ufito wake mrefu kukata njia nzima, na ni wewe unayesubiri auvute. Anayetembea kwa miguu ndiye mwenye haki ya kwanza pale. Mwenye baiskeli ni mgeni.

Sasa, kilichoniweka pale kijiweni muda mrefu ni historia ya baada ya farasi. Mwaka 1841 reli ya London na Bristol ilifunguliwa, na biashara ya mfereji ikaanza kufa. Mwaka 1852 kampuni ya reli iliununua mfereji wenyewe, na mtu akimnunua mshindani wake unajua hamlishi vizuri. Kufikia katikati ya karne iliyopita sehemu kubwa ilikuwa vichaka na malango yaliyooza. Watu wa kawaida wakaanza kuchimba tope wikiendi, miaka nenda miaka rudi, hadi mfereji ukafunguliwa tena mwaka 1990. Reli nazo zamu yao ikafika. Miaka ya 1960 njia nyingi za vijijini zilifungwa kwa kushindwa na magari. Mojawapo, iliyofungwa 1966, ilipita katika handaki la Combe Down pale Bath. Tangu 2013 handaki hilo ni la baiskeli na miguu: zaidi ya kilomita moja na nusu gizani, taa ndogo ukutani, na katikati muziki unapigwa. Kutoka Bath kwenda Bristol nako kuna kilomita 21 juu ya tuta la reli ya zamani, zilizotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1986, kwa sehemu kubwa kwa mikono ya watu waliojitolea.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa kimya muda wote, hapo ndipo alipovuta kigoda. Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa jinsi njia inavyomfukuza mwenzake. Misafara ya wapagazi ilitembea miezi kutoka pwani hadi hapa, ikaendelea Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na kazi ya bega ikaisha. Lami ikaja, treni ya abiria ikapungukiwa na wateja. Sasa SGR inajengwa. Kila kipya kinaacha kitu nyuma yake, na swali ni nani anakirithi.

Juzi niliazima Phoenix ya binamu nikaenda upande wa bwawa la Igombe, michembe ya viazi mfukoni badala ya ndizi. Njia za ndani ni tamu kuliko chochote nilichopanda kule Wiltshire, jirani na Bath: mchanga, kivuli cha miombo, mkokoteni wa ng'ombe mara moja moja. Ila utulivu ule upo kwa sababu magari hayajafika tu. Hakuna aliyeamua uwepo. Nikarudi kwa barabara kuu na mara mbili basi lilinishusha majanini kwa honi. Kule kwetu ugenini, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kwenye njia za vijijini za farasi, ziko kwenye ramani, na mkulima haruhusiwi kuifunga njia kwa sababu tu inapita shambani mwake.

Kijana wa bodaboda hakukubali. Barabara isiyo na magari itamlisha nini yeye? Sikuwa na jibu la kumtosha, na sidhani lipo. Nilimwambia tu kwamba wanafunzi wa mama yake wanaokwenda shule kwa baiskeli wanapita kwenye lami ileile anayopita yeye kwa kasi. Akanuna kidogo.

Fundi alitaka habari za tairi. Baiskeli za changarawe zina tairi la milimita 40 hivi, upepo kidogo, ili lishike na lisirushwe na kokoto. Nyingi hazina tyubu, ndani kuna dawa ya majimaji inayoziba mwiba ukiingia. Kwa miiba ya huku, nikasema, hiyo ingekuwa neema. Akanitazama kama nimetukana. "Ikiziba yenyewe, mimi nitaziba nini?"

Mstaafu wa reli ndiye aliyerudi kwenye jambo lenyewe. Ukingo wa mfereji, nani anaufyeka? Maana reli yetu, alisema, ina gengi ya wafanyakazi wa kutunza njia, na gengi ikiondoka misimu miwili tu hapo ni pori. Nikamwambia mwaka 2012 serikali ilikabidhi mifereji ya Uingereza na Wales kwa taasisi ya hisani, Canal & River Trust. Inaishi kwa ada za mashua, ruzuku na michango, na siku za kazi utawakuta wastaafu kama yeye wakifyeka na kupaka rangi malango.

"Kwa shilingi ngapi?"

Bure, mzee. Wanapewa chai.

Akaanza kuhesabu kwa vidole nani wa mtaa wetu angekuja kufyeka kwa chai. Alifika kidole cha tatu. Wawili walikuwa binamu zangu, na wote wawili, alisema, angewaleta kwa sababu wanadaiwa naye.