Nilivyoomba kazi ya kufundisha Kiingereza Japani nikiwa na miaka 47

Nilipoanza kuulizia kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Japani nilikuwa mkuu wa idara ya lugha katika shule ya upili nchini Kenya, na karibu kila niliyemdokezea alinijibu kwamba hiyo ni kazi ya vijana waliotoka chuoni juzi. Hawakukosea sana. Mpango wa JET, unaopeleka walimu wasaidizi wa lugha kutoka nchi za nje katika shule za Japani na unaoendeshwa na serikali ya huko tangu mwaka 1987, hauna kikomo rasmi cha umri, ila maelezo yake yenyewe yanaonyesha kwamba unawalenga hasa vijana. Wengi wao huwasili Julai na Agosti, nami nilitaka kuanza Aprili, mwaka wa masomo wa huko unapofunguliwa; kwa hiyo niliomba kupitia kampuni binafsi inayopeleka walimu wasaidizi wa lugha katika shule za umma.

Umri haukunisumbua pale nilipodhani. Wasifu wa kazi wa Kijapani hubandikwa picha na kutaja tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Kazi kubwa ilikuwa kukusanya stakabadhi za miongo minne. Ili kupewa kibali cha kufundisha lugha ya kigeni shuleni, sheria za uhamiaji za Japani humtaka mwombaji awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa muda usiopungua miaka 12. Mimi ni zao la mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, yaani miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, na katika shule yetu ya kijijini tulifundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Ukijumlisha miaka mitano ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, unapata 13. Vyeti vya mitihani, hata hivyo, havisemi mwanafunzi alifundishwa kwa lugha gani, na kampuni ilitaka barua.

Nilirudi katika shule yangu ya msingi, nikampata mwalimu mkuu ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, hebu tuingie stoo," tukapekua sajili za zamani zilizoliwa na mchwa pembeni hadi tukaliona jina langu. Aliandika barua papo hapo, akataja madarasa, miaka na lugha ya kufundishia, akaipiga mhuri mara mbili ili usomeke.

Mahojiano yalifanywa kwa njia ya video, na hapo ndipo uzoefu wangu ulipohojiwa kwelikweli. Niliulizwa nitafanyaje kazi chini ya mwalimu wa darasa mwenye miaka 25, anayepanga somo na kunielekeza cha kusema. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mwalimu msaidizi ni msaidizi hasa, na mtu aliyezoea kuongoza idara anaweza kuwa mzigo. Badala ya kuorodhesha vyeo, nilieleza jinsi nilivyokuwa nikiwapokea walimu wa mazoezi na kukaa nyuma ya darasa muhula mzima bila kuwakatiza. Kisha wakaniomba nifundishe kwa dakika chache kana kwamba wao ni watoto wa darasa la tano. Nilichukua kalamu na mkebe, nikaiweka kalamu ndani, juu, chini na kando ya mkebe, nikisema sentensi fupi na kuwangoja wazirudie. Sikutoa maelezo yoyote ya kisarufi. Nadhani kalamu ile ilinisaidia kuliko shahada yangu.

Baada ya kukubaliwa, kampuni iliniombea hati ya kustahiki kutoka idara ya uhamiaji ya Japani. Hati hiyo hudumu miezi mitatu, hivyo sikuchelewa kuipeleka ubalozini Nairobi kuombea viza. Kwa kuwa natumia dawa za shinikizo la damu, nililitaja jambo hilo katika fomu ya afya na kubeba dawa za mwezi mmoja tu pamoja na barua ya daktari; zaidi ya hapo huhitajika kibali cha kuziingiza.

Jambo ambalo vijana hawaliulizi, na ambalo mtu wa rika langu hapaswi kuliacha, ni pensheni. Huko mchango ni wa lazima. Mgeni aliyechangia chini ya miaka 10 anaweza, ndani ya miaka miwili baada ya kuondoka, kudai malipo ya mkupuo, ambayo tangu Aprili 2021 huhesabiwa kwa michango ya hadi miezi 60. Kwa hiyo kabla sijatia saini mkataba niliuliza kwa maandishi kama kampuni ingeniandikisha katika pensheni ya waajiriwa, na nikasubiri jibu la maandishi.